Mwaka Tuliolisikiliza Jua

Wilibadi tulimzika Turiani, Jumamosi, baada ya ibada ndefu iliyowachosha hata wanakwaya wenyewe. Watu walikuwa wameanza kunawa mikono wale pilau pale gari jeupe lilipoingia uani polepole na Dakta Gaudensi akashushwa. Nasema akashushwa kwa sababu hakuweza kushuka mwenyewe: dereva alimshika kwapa, fimbo ikatangulia, mguu mmoja ukafuata, halafu wa pili. Nilikuwa sijamwona kwa zaidi ya miaka ishirini. Nywele zilikuwa zimekwisha na shati limekuwa kubwa kuliko mwenye shati, lakini macho yalikuwa yale yale, ya mtu anayekusahihisha kabla hujafungua mdomo. Nilimwamkia kwa sababu ndivyo nilivyolelewa. "Shikamoo, Dakta." "Marahaba, Asia," akajibu bila kusita, kana kwamba tuliachana juzi, na jina langu likanikera kwa kutoka mdomoni mwake. Wakampeleka kukaa karibu na mama wa marehemu, ambaye sasa ni bibi kizee na alikuwa kwenye mkeka na wanawake wenzake. Mtu akamwambia kwamba huyu mzee ndiye aliyekuwa mwalimu wa Wilibadi chuoni. Bibi akaushika mkono wa Dakta kwa mikono yake yote miwili. "Ahsante, mwalimu," akamwambia, "ahsante kwa kumsomesha mwanangu. Ile siku niliyokuja chuoni kwenu sitaisahau. Alichekesha watu wote." Dakta aliutazama ule mkono, akasema, "Pole sana, mama," kisha akageuza uso pembeni. Mimi niliondoka pale nikaenda kusimama nyuma ya jiko la msiba, kwenye moshi, ili machozi yakinitoka watu wadhani ni kuni.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ni ule niliomaliza shahada, nikawa sina kazi, na Dakta Gaudensi akatafuta wasaidizi wawili wa kukaa Mgeta, juu milimani, wakisikiliza mawimbi ya redio yanayotoka angani. Alinichukua mimi na Wilibadi, ambaye alikuwa amebakiza utafiti huo tu ili apate shahada yake ya pili. Kabla hatujapanda mlima alitukaribisha nyumbani kwake Bigwa, chakula cha jioni. Nakumbuka ile sebule: makochi yenye vitambaa vyeupe vya kufuma, kabati la vitabu lililofungwa kwa kufuli, na harufu ya samaki wa kukaanga. Baada ya kula alitupeleka chumba cha wageni, ambako chandarua kilikuwa kimeshushwa juu ya kitanda na mbu kadhaa wamenaswa ndani. "Tulieni msikilize," akasema. Akakiweka kiganja chake kwenye chandarua kwa nje, akakisukuma ghafla. Mbu wote wakaruka, chumba kikajaa mlio. "Basi fizikia yote ndiyo hiyo," akasema. "Jua linapuliza upepo. Si hewa, ni chembe zenye umeme, zinakuja kwetu usiku na mchana. Dunia imejitandika chandarua, ambacho ni uga wake wa sumaku, na ndani yake kuna chembe zilizonaswa, zinazunguka tu. Siku jua likichafuka, upepo wake unakuja kwa kishindo, unaugonga uga na kuubana. Chembe za ndani zinavurugika, zinapata nguvu isiyo yake, na katika kuitua nguvu hiyo zinatoa mawimbi ya redio. Mlio." Tulisimama pale mlangoni kama watu waliooneshwa maajabu. Sijapata kuwa na mwalimu aliyejua kueleza kama yeye, na nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia habari za mtu katili hudhani lazima alikuwa mjinga pia.

Mawimbi hayo, alitueleza, masafa yake ni yale ambayo sikio linaweza kuyapokea yakishageuzwa kuwa sauti. Kwa hiyo huhitaji mtambo wa ajabu. Unahitaji waya mrefu uliozungushwa kwenye fremu ya mbao, amplifaya, hedifoni, betri ya gari, na mahali pasipo na nguzo za umeme, maana umeme wa gridi unanguruma na kufunika kila kitu. Radi zinazopiga mbali sana utazisikia zikipasuka kama mafuta kikaangoni. Baadhi ya radi hutuma mluzi unaokwenda huko juu, unafuata mistari ya sumaku, unarudi ardhini ukiwa unashuka, fiuuu, kutoka sauti nyembamba hadi nene. Mluzi unaoshuka si kitu kigeni, alisema. Mwenye subira ataupata. Anachokitaka yeye ni ule mlio wa chembe zenyewe baada ya jua kuupiga uga, sauti fupi fupi zinazopanda, nyingi kwa pamoja, hasa nyakati za alfajiri. Wazungu waliozisikia mara ya kwanza walisema zinafanana na ndege wanaoamka msituni. Shida ni kwamba huku kwetu karibu na ikweta mistari ya sumaku imelala, haiingii ardhini, kwa hiyo mawimbi hayo yanatupita juu kwa juu na kwenda kusikika nchi za baridi. Dakta aliamini kwamba siku ya dhoruba kubwa kabisa yatavuja na kutufikia. Aliwahi kulisema hilo kwenye mkutano ng'ambo, wakamcheka. Hilo hakutuambia yeye. Nilimsikia akimsimulia Mama Kobelo, mwenye nyumba wetu wa Mgeta, jikoni kwake, akidhani mimi nimelala. "Walinicheka, mama," alisema, "mpaka mkalimani akacheka."

Mama Kobelo alikuwa mjane, mkulima wa kabichi na njegere, mfupi, mwenye vifundo vya miguu vigumu kwa kupanda na kushuka zile njia. Alitupa vyumba viwili vya udongo vilivyotenganishwa na ukuta wa mbao ambao haukufika darini, kwa hiyo kila neno lililosemwa upande mmoja lilisikika upande wa pili. Baridi ya kule wenyeji wa Morogoro mjini hawaijui. Asubuhi mvuke ulitoka mdomoni, na sisi tuliketi jikoni magoti yakikaribia kugusa moto, tukinywa chai ya maziwa ya mbuzi na viazi vilivyochemshwa na maganda yake. Alinitengea sufuria yangu peke yangu, akaifunga kitambaa chekundu mpinini, kwa sababu kwake kitimoto kilipikwa na hakutaka mwana wa Kiislamu apate dhambi nyumbani mwake. "Hii ya Asia," alimfokea yeyote aliyeigusa. Wilibadi alimpenda tangu siku ya kwanza kwa sababu alimsaidia kufunga matenga ya mboga ya kwenda Dar na aliimba huku akifunga. Alikuwa mrefu, mpole, mwimbaji wa sauti ya nne, na sikio lake lilikuwa la ajabu. Alikuwa akivua hedifoni ananiambia, "Dada Asia, ile ya mwisho ilianzia juu kidogo kuliko ya jana," nami kwenye kipimo naona kweli. Tulipokezana zamu. Yeye alipenda ya alfajiri hadi jua linapochomoza, katika kibanda cha nyasi juu ya shamba, mimi nikachukua ya asubuhi na ya jioni. Kanda za kurekodia zilikuwa chache, kwa hiyo amri ya Dakta ilikuwa moja: usibonyeze kitufe cha kurekodi mpaka umesikia kitu cha maana.

Miezi ikapita tukiwa na mapasuko ya radi na miluzi michache inayoshuka. Dakta alikuwa akipanda kila baada ya wiki kadhaa, anasikiliza kanda zetu kwa uso usio na neno, anakula ugali na njegere za Mama Kobelo, anashuka. Mara moja alikaa siku nyingi kuliko kawaida, akawa anazunguka migombani asubuhi na redio yake ndogo ya kanda. Mama Kobelo alimwona akiielekeza kwenye miti. "Dakta wenu anapenda ndege," alituambia, na akafurahi, kwa sababu kwake mtu anayependa ndege hawezi kuwa mbaya. Siku chache baadaye, Dakta akiwa bado amelala chumba cha mbele, Wilibadi alishuka kutoka kibandani mbio, akateleza kwenye matope, akainuka, akaingia jikoni kanda mkononi. Alinivalisha hedifoni. Nikazisikia: sauti fupi, nzito kidogo, zinapanda, moja juu ya nyingine, kwenye vumbi lile lile la radi tulilolizoea. Nilipiga kigelegele, Mama Kobelo akaniitikia bila kujua kwa nini. Dakta akatoka amejifunga shuka. Akasikiliza, akairudisha kanda, akasikiliza tena. Kisha akampa Wilibadi mkono, tena mkono wa mtu mzima kwa mtu mzima. "Kijana," akasema, "andaa semina. Utaiwasilisha wewe mwenyewe, mbele ya chuo kizima."

Kulikuwa na nafasi moja ya kwenda kusoma ng'ambo mwaka ule, na kila mtu pale idarani alijua kwamba mwenye ugunduzi kama ule ndiye atakayeipata. Wilibadi aliandaa semina yake wiki tatu au nne akiwa hali vizuri. Alimwandikia mama yake aje. Siku yenyewe ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama dirishani, na mama yake alikaa viti vya nyuma kabisa, mwanamke wa shamba mwenye kanga mpya zenye harufu ya duka, mkoba mapajani. Wilibadi alizungumza vizuri. Alieleza upepo wa jua, alieleza chandarua, akaonesha michoro, kisha akaicheza ile kanda kwenye spika kubwa, na ukumbi ukanyamaza. Ndipo Dakta Gaudensi akainuka. Alisema kwa upole kwamba anaomba kuongeza jambo dogo, akatoa mfukoni kanda nyingine, akaiweka. Zikatoka sauti zile zile, ila nyembamba na za haraka, na hapakuwa na mtu aliyehitaji kuambiwa ni nini. Walikuwa ndege. Shorewanda na wenzake kwenye migomba ya Mama Kobelo, na jogoo mmoja aliyewika katikati. "Unachukua redio ya kanda," Dakta alisema kwa ile sauti yake ya kufundisha, "unaiwekea betri zilizochoka ili izunguke polepole. Unaiunganisha na waya uliouzungusha kwenye kijiti, unaificha kwenye nyasi karibu na antena ya mwanafunzi wako. Halafu unalala. Nilitaka kuona kama mwenzetu atatoka nje ya kibanda kuangalia. Hakutoka." Kicheko kilianzia mbele, kwa wahadhiri, kikarudi nyuma kama maji. Wilibadi alibaki amesimama na kijiti cha kuoneshea michoro mkononi. Nami nilikuwa namtazama mama yake. Alikuwa hajaelewa neno hata moja, maana yote yalisemwa kwa Kiingereza, lakini aliona watu wazima wenye tai wanacheka kwa sababu ya mwanawe, akadhani mwanawe amewafurahisha. Akacheka nao. Alicheka akimtazama, akitikisa kichwa kwa fahari, na Wilibadi akamwona.

Nimewahi kujiuliza kama Dakta alikuwa na haki hata chembe. Mimi ni mwalimu wa fizikia sasa, huu mwaka wa ishirini na kitu, na ninajua kwamba mtu anayetamani sana kusikia jambo atalisikia. Hilo ni kweli na mwanafunzi lazima alijue. Jioni ile, nikiwa kwenye korido ya idara nangoja usafiri, nilimsikia Dakta ofisini akimwambia mhadhiri mwenzake, "Nimempa somo ambalo hakuna kitabu kingempa." Mwenzake akauliza, "Lakini kwa nini mbele ya watu?" "Mimi nilifundishwa wapi?" Dakta akajibu. Basi. Angeweza kumwambia jikoni asubuhi ile ile, moto ukiwaka, Mama Kobelo akiwa anamenya viazi, na Wilibadi angeona haya, angecheka, angekuwa mwanasayansi bora kuliko sisi wote. Badala yake alimwacha wiki zote zile akiandaa, akampitishia michoro, akamsahihishia Kiingereza chake. Hapo ndipo ninaposhindwa kumsamehe, kwenye kile Kiingereza alichokuwa anakisahihisha.

Tulirudi Mgeta kwa sababu kazi ilikuwa haijaisha na shahada ya Wilibadi ilikuwa mikononi mwa yule yule mtu. Aliacha kuimba. Alifunga matenga kimya, alikwenda zamu kimya, alikula kwa sababu Mama Kobelo alikuwa anamsimamia. Nafasi ya ng'ambo ilikwenda kwa kijana mwingine ambaye hakuwahi kufika mlimani. Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi, barabara ikakatika chini yetu, malori yakakwama na kabichi zikaozea kwenye matenga mpaka bonde zima likanuka. Ndipo taarifa ya habari ikasema jua limetoa mlipuko mkubwa usio wa kawaida na kwamba mawasiliano huenda yakasumbuka. Niliitazama redio, nikamtazama Wilibadi. Alikuwa anachezea chumvi kwenye kibao. Tulijua wote wawili kwamba Dakta yuko mjini, pembeni ya chombo chake kinachopima sumaku ya dunia, anapagawa kwa sababu hawezi kupanda, na kwamba simu hazikuwa zimefika kule juu. "Kesho ndiyo itapiga," nilisema. "Zamu yangu," akajibu. Kulikuwa hakujapambazuka vizuri alipoondoka. Nilibaki jikoni na Mama Kobelo tukichochea moto, mimi nikiwa na wasiwasi wa furaha ambao niliuonea aibu. Jua lilipokuwa limeshaupita ukingo wa mlima akarudi. Alining'iniza koti, akakaa, akachukua kiazi, akakimenya taratibu kwa kucha. "Vipi?" nikamuuliza. "Radi," akasema. Nikaiangalia kanda. Ilikuwa tupu.

Dakta Gaudensi alifika kwa miguu, siku ya pili yake, matope mpaka kiunoni, mtu wa umri ule. Alikuwa anacheka peke yake njiani, Mama Kobelo alimsikia kabla hajamwona. Mfukoni, kwenye mfuko wa nailoni, alikuwa na karatasi ya kile chombo chake: mstari unakwenda shwari, shwari, halafu unaruka ghafla kama ukuta. Kishindo cha upepo wa jua kimeupiga uga wa dunia na Morogoro imekiona. Na saa yenyewe ilikuwa alfajiri, zamu ya Wilibadi. "Kanda iko wapi?" akauliza hata kabla ya kukaa. "Hakuna kanda, Dakta." "Hakuna vipi? Hukusikia kitu?" Wilibadi alikuwa amesimama mlangoni, mwanga nyuma yake, sikuuona uso wake. "Nilisikia ndege," akasema. "Nikadhani ni wako." Mama Kobelo, ambaye alikuwa hajui chochote kuhusu semina, alisema kwa wema, "Ndege wako wengi huku, Dakta, hata mimi nawasikia." Dakta alikaa kwenye kigoda. Alizeeka pale pale mbele yetu, midomo ikawa inatafuta neno. Alipolipata lilikuwa dogo na baridi. "Fungasha," akamwambia. "Kituo kinafungwa leo. Betri utazibeba wewe."

Betri za gari ni nzito hata kwenye tambarare. Njia ya kushuka kutoka pale ilikuwa matope matupu, mahali pengine unashuka kwa makalio, na Dakta alikataa kabisa wapagazi wawili aliowaita Mama Kobelo. "Hapana, mama. Huyu kijana ana nguvu." Alikaa kwenye jiwe chini ya mteremko akimtazama akienda na kurudi, kama mtu aliyelipa kiingilio. Mzigo wa mwisho Wilibadi aliuweka begani. Aliteleza penye mkono wa mto, betri ikalala, na tindikali ikamtiririka shingoni na mgongoni. Sikuwahi kusikia mtu mzima akilia vile. Nilimburuza hadi mtoni, nikawa nammwagia maji kwa viganja, shati likichanika lenyewe mikononi mwangu kama karatasi, ngozi chini yake ikigeuka rangi. Dakta alikuja akasimama juu yetu. Akasema, "Angalieni hiyo betri isimalizike kumwagika." Ni maneno niliyoyasikia kwa masikio yangu, na katika miaka yote hii sijapata namna ya kuyasikia vizuri zaidi.

Yeye alitangulia mjini kwa pikipiki. Mimi na Wilibadi tulifika barabarani jioni, chini ya pale ilipokatika, Mama Kobelo akiwa amempaka samli na kumfunga kanga yake ya kanisani, tukakaa juu ya matenga matupu tukingoja lori lolote litakalopita. Alikuwa anatetemeka, lakini sauti yake ilikuwa imetulia. Ndipo aliponiambia. "Mwanzoni nilidhani ni ndege wake, dada. Nikatoka nje ya kibanda, nikatafuta kwenye nyasi, nikapekua kote kwa mikono. Hakuna waya, hakuna redio. Nikarudi nikavaa. Zilikuwa zinaendelea." "Zinaendeleaje?" Akapiga mluzi. Midomo ilikuwa imekauka, lakini alipiga, na kila sauti ilianzia chini ikapanda, na kabla haijafika mwisho nyingine ikawa imeanza. "Zinapanda," nikasema. "Zote zinapanda," akasema. "Hakukuwa na hata moja inayoshuka. Nilikuwa nimeshaweka kidole kwenye kitufe." Nikamuuliza kwa nini, basi, kwa nini. "Nilimwona mama anacheka," akasema. "Nikatoa kidole. Nikakaa nikazisikiliza mpaka zikaisha, peke yangu. Zilikuwa nzuri, Asia." Lori likaja. Hakuegemea popote njia nzima.

Shahada hakuipata. Ripoti ilisema uzembe, na aliyeisaini hakuulizwa swali. Alirudi Turiani, akalima mpunga, akaoa, akazaa, na miaka yake ya mwisho watu wa huko walimjua kama mzee wa kwaya mwenye kovu shingoni ambaye hakupenda kuulizwa lilitoka wapi. Tulipigiana simu sikukuu hadi sikukuu. Hatukuzungumza tena habari za Mgeta, isipokuwa kuulizana hali ya Mama Kobelo mpaka alipofariki. Dakta aliandika makala kuhusu ule mruko wa mstari, nikasikia haikumfikisha mbali, kwa sababu vituo vingi duniani viliuona mruko huo huo. Alistaafu bila kuitwa profesa.

Basi nilipotoka kwenye moshi wa jiko, pale msibani, dereva wake alikuwa ananitafuta. Dakta alikuwa amehamishiwa kiti cha plastiki pembezoni mwa turubai, mbali na watu. Akamwambia dereva atupishe. "Asia," akasema, "kaa." Sikukaa. "Nimekuja kutoka Morogoro na mgongo huu kwa sababu moja. Nilimpigia simu mara nyingi, alikuwa anakata. Wewe ulishuka naye siku ile. Alikuambia nini?" Hakusema pole. Hakuulizia alikufa kwa ugonjwa gani. Nikaona kwamba mtu huyu hajapata kulala vizuri tangu mwaka ule, na kwamba hilo halikunisikitisha. "Alisikia, Dakta," nikamwambia. "Alisikia muda mrefu. Alitoka nje akapekua nyasi, hakukuta kitu. Akarudi akazisikiliza mpaka mwisho. Kidole kilikuwa juu ya kitufe, akakitoa." Nilisema pole pole ili lisimpotee neno. Alifumba macho. Machozi yakatoka kwenye mikunjo, akayaacha. Kisha, macho yakiwa bado yamefumbwa, yule mwalimu akaamka ndani yake, akauliza swali pekee lililokuwa limebaki duniani. "Zilikuwa zinapanda au zinashuka?"

Nilimtazama vizuri. Nilijua kwamba zikiwa zinashuka, ilikuwa miluzi ya radi tu na hakupoteza chochote. Na zikiwa zinapanda, alikuwa sahihi maisha yake yote na waliomcheka ndio waliokosea. Angekufa kwa amani kwa jibu lolote kati ya hayo mawili. "Hilo hakuniambia," nikasema. Akafumbua macho. "Fikiri, binti." "Nimefikiri." "Asia, mimi sina muda mrefu." "Najua, Dakta." Mwanamke mmoja alipita na sinia, nikachukua sahani ya pilau yenye mnofu mzuri, nikamwekea mapajani kwa adabu, nikamwambia ale kabla haijapoa. Hakula. Alikaa nayo vile vile mpaka dereva alipokuja kuiondoa na kumwinua. Gari lilipogeuzwa aliteremsha kioo akaniita, mara ya kwanza kwa sauti ya kawaida, mara ya pili akipaza, watu wakageuka kunitazama. Nilikuwa nimeshafunga kanga kiunoni. Kulikuwa na masufuria ya kuosha.